Shilingi kwa ya Pili: Historia ya Daftari la Protini za Mzio

Mwaka 1921, katika mji wa Breslau, ambao leo unaitwa Wrocław na umo nchini Poland, daktari mmoja alijidunga sindano ya damu ya mwenzake kwa sababu ya samaki.

Mwenye tatizo alikuwa Heinz Küstner, daktari wa magonjwa ya wanawake. Alikuwa hali samaki. Kipande kidogo tu cha samaki aliyepikwa kilitosha kumwasha mwili, kumtia kikohozi na kumtapisha. Mwenzake, Carl Prausnitz, alikula samaki bila wasiwasi. Adha yake ilikuwa mafua na macho kuwasha majira ya nyasi kuchanua. Prausnitz akajiuliza: hicho kinachomtesa Küstner kimekaa wapi mwilini mwake? Akachukua seramu ya Küstner, yale majimaji yanayobaki damu ikishaganda, akajidunga kidogo chini ya ngozi. Siku iliyofuata akajidunga pale pale maji yaliyotokana na nyama ya samaki. Hazikupita dakika nyingi, ngozi ikavimba, ikawa nyekundu, ikawasha. Mla samaki alikuwa ameazima mzio wa asiyekula.

Jibu likawa limepatikana: kinachosababisha mzio kimo ndani ya damu na kinaweza kuhamishwa. Lakini kilikuwa kitu gani, na ndani ya samaki kilikuwa kinapambana na nini? Maswali hayo mawili yaliwachukua wanasayansi zaidi ya miaka 50, na majibu yake ndiyo yaliyozaa madaftari ya kompyuta ambayo leo mtafiti wa Nairobi, Vienna au Tokyo anayafungua kabla hajagusa kichupa chochote cha maabara.

Mbwa, wanyama wa baharini na neno jipya

Mwaka huo wa 1921 neno lenyewe la aleji lilikuwa na miaka 15 tu. Mwaka 1901 Mfaransa Charles Richet na mwenzake Paul Portier walisafiri katika meli ya Mwanamfalme Albert wa Kwanza wa Monaco, wakichunguza sumu ya wanyama wa baharini wanaochoma kama kiwavi. Waliporudi Paris waliendelea na majaribio kwa sumu ya mnyama mwingine wa jamii hiyo, aliyefanana na ua lililoshika mwamba. Walitarajia kwamba mbwa akidungwa sumu kidogo leo, atakuwa amekingwa wiki kadhaa baadaye. Ikawa kinyume. Mbwa waliokwisha kuzoeshwa walikufa kwa kipimo kidogo mno, tena kwa dakika chache. Kinga ilikuwa imegeuka kuwa adui wa mwenyewe. Ugunduzi huo ulimpatia Richet Tuzo ya Nobel mwaka 1913.

Mwaka 1906 daktari wa watoto wa Vienna, Clemens von Pirquet, aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya «ingine» na «kazi», akapata jina la hali hii ya mwili kufanya kazi kwa namna isiyotarajiwa. Sisi tumelipokea kama aleji, na tuna neno letu la mzio.

Kile kilichokuwa ndani ya damu ya Küstner kilikamatwa katikati ya miaka ya 1960. Huko Denver, Marekani, Wajapani wawili, Kimishige Ishizaka na mkewe Teruko, walikitenga kutoka katika damu ya wagonjwa wa mzio wa chavua. Huko Uppsala, Sweden, Hans Bennich na Gunnar Johansson walikutana nacho kwa njia nyingine, katika damu ya mgonjwa wa saratani. Mwezi Februari 1968, kwenye mkutano wa Shirika la Afya Duniani mjini Lausanne, iliamuliwa kwamba pande zote mbili zimeona kitu kimoja, kikaitwa immunoglobulini E, kwa kifupi IgE. Ni kingamwili, askari wa damu. Kwa mwenye mzio, askari huyo amekariri sura ya kitu kisicho na madhara na kukiona adui.

Likabaki swali la pili: sura hiyo ni ya nani?

Herufi 113 za samaki

Protini ni mnyororo. Pete zake ni asidi amino, na aina za kawaida ni 20 tu. Kinachotofautisha protini moja na nyingine ni mpangilio wa pete hizo, kama vile maneno yote ya lugha yanavyotokana na herufi chache. Mwingereza Frederick Sanger ndiye aliyekuwa wa kwanza kusoma mnyororo mzima, wa insulini, wenye pete 51, na akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1958.

Wanorwei, ambao chewa wa bahari ya kaskazini ni chakula chao cha kila siku, ndio waliokuwa na sababu ya kusoma mnyororo wa samaki. Kjell Aas na Saïd Elsayed walikuwa wameitenga protini inayowadhuru wagonjwa wao, wakaiita «alejeni M». Mwaka 1975 Elsayed, akishirikiana na yule yule Hans Bennich wa Uppsala, alitangaza mpangilio wake wote: asidi amino 113. Protini hiyo inaitwa pavalbumini, hukaa ndani ya misuli ya samaki na haiharibiki kirahisi kwa moto. Ndiyo maana kumpika samaki sana hakumsaidii mgonjwa.

Kuanzia hapo mzio ukawa kitu kinachoweza kuandikwa. Herufi 113 zinaenea kwenye nusu ukurasa. Ila nusu ukurasa peke yake haukufundishi kitu mpaka upate kurasa nyingine za kuulinganisha nao.

Kurasa hizo zilikuwa zinakusanywa tayari na mwanamke mmoja wa Marekani, Margaret Dayhoff. Mwaka 1965, akiwa na wenzake katika taasisi ya utafiti huko Maryland, alichapa kitabu kilichokusanya mipangilio ya protini zote zilizojulikana. Zilikuwa 65. Ili kubana nafasi katika kadi za kutobolewa zilizolishwa kompyuta za siku hizo, Dayhoff aliipa kila asidi amino herufi moja badala ya tatu. Uamuzi huo mdogo wa mtu wa hesabu ndio alfabeti ya wanabiolojia wote leo. Mwaka 1986 kijana wa Geneva, Amos Bairoch, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari wa falsafa, alianzisha Swiss-Prot, kanzidata ambayo kila protini iliambatanishwa na maelezo yaliyohakikiwa na binadamu: inafanya kazi gani, nani ameisoma, wapi.

Daftari hilo nusura life. Mwaka 1996 fedha zilikatika, na Bairoch akatangaza kwamba atalifunga. Watafiti wa dunia nzima waliandika barua za kulitetea mpaka serikali ya Uswisi ikakubali njia ya kulitunza, na mwaka 1998 ikazaliwa taasisi ya kulilea. Mwaka 2002 liliunganishwa na hazina nyingine, ikiwemo ile iliyotokana na kitabu cha Dayhoff, likawa UniProt.

Kuzipa protini majina

Upande wa protini za mzio, kwanza palikuwa na vurugu ya majina. Protini moja ya chavua iliitwa «antijeni E» na maabara moja, na jingine na maabara ya pili. Protini za utitiri wa vumbi la nyumbani zilikuwa na majina kama watu wenye pasipoti mbili. Mwaka 1984 kundi la wataalamu, wakiwemo David Marsh, Henning Løwenstein, Te Piao King na Thomas Platts-Mills, liliunda kamati chini ya Shirika la Afya Duniani na umoja wa vyama vya kinga vya kimataifa. Kanuni yao ni nyepesi: chukua herufi tatu za mwanzo za jina la kisayansi la kiumbe, ongeza moja ya jina lake la pili, kisha namba. Karanga kwa wataalamu ni Arachis hypogaea, kwa hiyo protini yake ya kwanza ni Ara h 1. Chewa ni Gad c 1. Utitiri wa vumbi ni Der p 1.

Ipo kanuni nyingine ambayo msomaji aishike, maana tutairudia. Protini haiingii kwenye orodha kwa kuwa inafanana na nyingine. Mwombaji lazima aonyeshe kwamba IgE iliyo katika damu ya wagonjwa wasiopungua watano, au asilimia 5 ya waliopimwa, inaishika protini hiyo. Ada ya kuingia daftarini ni damu.

Siku daftari lilipojibu swali

Mwaka 1989 kundi la Vienna, akiwemo Heimo Breiteneder, lilisoma jeni ya protini kuu ya chavua ya mbetula, mti wa gome jeupe unaowatoa watu wa Ulaya kaskazini machozi kila majira ya kuchipua. Protini hiyo ni Bet v 1. Walipoilinganisha na zile zilizokwisha kuandikwa, walikuta imefanana sana na protini ya mnjegere, ile ambayo mmea huizalisha unaposhambuliwa na ugonjwa.

Hapo jambo lililowasumbua madaktari kwa muda mrefu likaanza kueleweka. Wagonjwa wa chavua ya mbetula walikuwa wakilalamika kuwa midomo inawawasha wakila tufaha, karoti au figili. Walidhaniwa wana mizio mitano tofauti, au wana deko. Kumbe mimea mingi ina protini za ukoo mmoja, na askari aliyekariri sura ya mmoja huwakamata ndugu zake wote. Waswahili husema watu wamefanana kama shilingi kwa ya pili. IgE haihitaji hata mfanano wa kiasi hicho.

Mwaka uliofuata, 1990, ilitoka BLAST, programu iliyoundwa na Stephen Altschul na wenzake. Unaipa mpangilio wa herufi, nayo ndani ya muda mfupi inapekua hazina nzima na kukuletea wanaofanana nao, wa karibu kwanza, wa mbali baadaye, kila mmoja akiwa na alama inayokadiria kama mfanano huo ungeweza kutokea kwa bahati tu.

Soya iliyobeba njugu ya Amazoni

Kilichowasukuma watu kutenga daftari la mzio peke yake kilikuwa chakula cha mifugo. Kampuni ya mbegu ya Pioneer Hi-Bred ya Marekani ilitaka soya yenye methionini nyingi, asidi amino ambayo soya inayo kidogo. Wataalamu wake wakachukua jeni ya protini kutoka kwenye njugu kubwa za Brazili, zinazookotwa katika misitu ya Amazoni, wakaipandikiza ndani ya soya. Kwa kuwa ilifahamika kwamba njugu hizo huwadhuru baadhi ya watu, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nebraska waliombwa kupima.

Matokeo yalichapishwa Machi 1996. Kati ya wagonjwa tisa wa mzio wa njugu hizo, seramu za wanane ziliishika protini ndani ya soya mpya. Watatu walichomwa ngozini: soya ya kawaida haikuwafanya chochote, soya mpya iliwavimbisha. Mradi ukafutwa na mbegu hazikufika sokoni. Wapinzani wa mazao yaliyobadilishwa kijenetiki waliona wamethibitishiwa hofu yao. Watetezi wakasema kipimo kimefanya kazi yake. Wote wawili walikuwa na hoja, lakini swali gumu lilibaki: hapa wagonjwa walijulikana, kwa hiyo damu ya kupimia ilipatikana. Je, protini ikitoka kwa bakteria ambaye hakuna aliyewahi kumla, utaipima kwa damu ya nani?

Swali hilo lilifika hadharani mwaka 2000, pale mahindi ya StarLink, yenye protini ya bakteria na yaliyoruhusiwa kwa mifugo tu, yalipokutwa ndani ya vyakula vya binadamu nchini Marekani na bidhaa zikaondolewa madukani. Januari 2001 wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya Duniani walikutana Roma wakapendekeza kipimo: linganisha protini mpya na zote za mzio zinazojulikana. Ikiwa katika kipande cha asidi amino 80 zaidi ya asilimia 35 zinalingana, au ikiwa kuna sita mfululizo zinazolingana kabisa, shuku.

Kigezo cha asilimia 35 kilidumu, na mwaka 2003 kikaingia katika miongozo ya Codex, ile inayofuatwa na mamlaka za usalama wa chakula duniani. Kile cha herufi sita kilileta shida. Chukua vitabu viwili vikubwa vya Kiswahili visivyohusiana. Huwezi kukosa mahali ambapo herufi sita zimefuatana sawasawa. Protini za kawaida za mahindi, chakula ambacho mamilioni hula bila kuwashwa, zilianza kuonekana kama wahalifu.

Kulinganisha kunataka orodha safi, na orodha zikafuata. Galveston, Texas, kundi la Werner Braun lilijenga SDAP, inayoangalia na umbo la protini, si herufi peke yake. Italia, Adriano Mari alijenga Allergome. Nebraska, kile chuo cha soya, kilifungua AllergenOnline kwa watu wote mwaka 2005. Kufikia Januari 2016 ilikuwa na mipangilio 1,956, kila mmoja ukiwa umepitiwa na jopo la wataalamu. Vienna, Christian Radauer na Breiteneder walipanga alejeni kwa koo, wakakuta kwamba katika maelfu ya koo za protini zilizopo duniani, zinazosababisha mzio ni chache sana.

Kamba, mende na mwili wetu wenyewe

Tuone kazi yenyewe ilivyo, kwa mfano wa pwani. Mwaka 1993 watafiti wa India na Marekani walithibitisha kwamba kinachowadhuru wenye mzio wa kamba ni tropomiosini, protini ya misuli. Kamba waliyemtumia, Penaeus indicus, ndiye huyo huyo anayevuliwa Rufiji na kwenye Ghuba ya Ungwana. Nakili herufi za tropomiosini yake, zipatazo 284, uzibandike kwenye kisanduku cha kutafutia na ubonyeze. Wanaokuja juu ni kaa na kamba wengine. Wanafuata mende na utitiri wa vumbi, wakifanana naye kwa takribani asilimia 80. Ndiyo maana mtu anayepiga chafya kwa vumbi la godoro anaweza kuwashwa koo kwa sahani ya kamba.

Endelea kushuka kwenye orodha. Utakuta kuku, na utamkuta binadamu. Tropomiosini yetu inalingana na ya kamba kwa zaidi ya nusu ya herufi, mbali juu ya ile asilimia 35, lakini mgonjwa wa kamba anakula kuku na hawashwi na misuli yake mwenyewe. Programu imesema kweli kuhusu ujamaa. Kuhusu ugonjwa haikuulizwa. Aliyechanganya mambo hayo mawili ni msomaji.

Lipo na kosa la upande wa pili. Thomas Platts-Mills, mmoja wa waliounda kamati ya majina, alionyesha na wenzake mwaka 2009 kwamba kuna watu wanaopata mzio mkali saa kadhaa baada ya kula nyama ya ng'ombe au ya nguruwe, na kisababishi ni sukari iliyoshikamana na nyama, iitwayo alfa-gali. Chanzo cha mzio wao kikawa kuumwa na kupe. Yeye mwenyewe akaupata baada ya kuumwa na kupe. Ungepekua kanzidata za protini usiku kucha usingeiona sukari hiyo, kwa sababu haiandikwi kwa zile herufi 20.

Kichocho na mbetula

Mwaka 2015 kundi la Nicholas Furnham, wa chuo cha afya na tiba za kitropiki cha London, liliuliza swali la kinyume. IgE haikuumbwa kwa ajili ya karanga. Wengi wanaamini kazi yake ya asili ni kupambana na minyoo. Basi je, protini za minyoo zinafanana na za mzio? Kompyuta ilipolinganisha, ilileta protini 2,445 za vimelea zenye mfanano wa maana. Mojawapo ilikuwa ya mnyoo wa kichocho, wa ukoo wa Bet v 1, ile chavua ya Vienna, ukoo ambao hakuna aliyetarajia kuukuta kwa mnyama wa namna hiyo.

Watafiti hawakuishia kwenye skrini. Walitengeneza protini hiyo na kuipima kwa seramu za watu wa Uganda wanaoishi penye kichocho. Kwa baadhi yao, IgE iliishika. Mvuvi ambaye hajawahi kuuona mti wa mbetula alikuwa na askari wa kumkamata ndugu yake. Bila daftari, hakuna ambaye angefikiria kuuliza; bila damu ya wanakijiji wale, jibu lingebaki kuwa makisio.

Na hapa ndipo penye neno langu kwa wenzangu wa Afrika Mashariki. Fungua orodha ya majina utafute korosho, zao la Mtwara na Lindi. Utazikuta Ana o 1, Ana o 2 na Ana o 3, zilizosomwa katika maabara za Marekani kwa seramu za wagonjwa wa huko. Zimesomwa vizuri na zinatufaa. Lakini mkulima anayebangua korosho tangu utotoni, mwenye minyoo au aliyewahi kuwa nayo, hana mwili ule ule wa mtoto wa California, na daftari halijui habari zake kwa kuwa hakuna aliyeziandika. Kuzisoma kanzidata hizi ni bure kwa yeyote mwenye intaneti, na vyuo vyetu viwafundishe wanafunzi kuzisoma. Kuandika ndani yake kuna ada, ile ile aliyoilipa Küstner: mgonjwa anayejulikana, daktari aliyemsikiliza, na seramu iliyohifadhiwa kwenye jokofu lisilozimika. Hospitali zetu zianze kuihifadhi.